Sauti na Tuzo: Suala la Lugha katika Filamu Fupi Tatu zenye Majina ya Kiafrika

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, ushairi na, kwa kiasi kidogo, hadithi fupi. Filamu imeachiwa wanahabari, na filamu fupi imeachwa hata na hao. Hali hii ina sababu zake. Filamu fupi haiuzwi dukani kama kitabu, ni nadra kuonyeshwa katika majumba ya sinema, na aghalabu uhai wake huanzia na kuishia katika matamasha. Huko ndiko inakotazamwa, ndiko inakopimwa na jopo la waamuzi, na ndiko inakopata tuzo inayoifanya iendelee kutajwa baada ya watazamaji kutawanyika. Kwa kazi ya aina hii, basi, tuzo si pambo la baadaye. Ni sehemu ya historia ya kazi yenyewe, kwa maana ni usomaji wa kwanza wenye mamlaka. Na kama ulivyo usomaji mwingine wowote, nao hufanyika katika lugha fulani.

Makala haya yanachunguza filamu fupi tatu zilizotuzwa ughaibuni, kila moja ikiwa na jina lililotokana na lugha ya Kiafrika: Borom Sarret ya Ousmane Sembène (1963), Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) na Watu Wote ya Katja Benrath (2017). Hazikuchaguliwa kwa kuwa zinafanana. Ya kwanza ni ya Msenegali, ya pili ni ya Mkenya, ya tatu ni ya Mjerumani aliyekuja kupigia picha Kenya. Zimechaguliwa kwa sababu katika kila mojawapo kuna jambo la msingi linalosemwa kwa lugha ya Kiafrika, au linalosemwa kwa kuikosa lugha hiyo, ambalo tafsiri iandikwayo chini ya picha haiwezi kulifikisha kwa mwamuzi asiyeijua. Jambo hilo ndilo linalomhusu zaidi mhakiki wa Kiswahili, na ndilo ambalo mpaka sasa amelinyamazia.

Mwenye Gari

Sembène alikuwa mwandishi kabla ya kuwa mwelekezi wa filamu. Alikuwa amefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Marseille, akaandika Le Docker noir (1956) na Les Bouts de bois de Dieu (1960), kisha akatambua kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawangeweza kumsoma. Mwaka wa 1962 alikwenda Moscow kujifunza sinema. Mwaka uliofuata akatengeneza mjini Dakar filamu ya dakika zipatazo 20, ya rangi nyeusi na nyeupe, aliyoiita Borom Sarret. Filamu hiyo ilipata tuzo ya kazi ya kwanza katika tamasha la kimataifa la filamu fupi la Tours, Ufaransa, mwaka huohuo wa 1963.

Jina lenyewe linastahili kutuliwa. Borom ni neno la Kiwolofu lenye maana ya “mwenye”. Sarret ni charrette ya Kifaransa, yaani gari la kukokotwa, iliyomezwa na matamshi ya Kiwolofu. Mswahili hahitaji kuelezwa mengi hapa, kwani ndivyo lugha yake ilivyofanya kwa meza ya Wareno na shule ya Wajerumani. Tena neno “mwenye” linamfunulia jambo ambalo tafsiri ya Kifaransa au Kiingereza haina budi kulipoteza. Mwenye nyumba, mwenye mji, mwenye mali: katika Kiswahili, kama ilivyo katika Kiwolofu, umiliki ni heshima kabla ya kuwa hati. Mtu ambaye filamu inamwita “mwenye gari” anaanza siku akiwa na gari na farasi. Anaimaliza akiwa na farasi peke yake. Kinaya cha filamu nzima kimefumbatwa katika jina, na mtazamaji aliyepewa tafsiri ya “mwendesha gari” amenyimwa nusu yake.

Msuko ni mwepisi kama ule wa ngano. Mwenye gari anasali, anaagana na mkewe, anakwenda kutafuta riziki. Wanapanda abiria wa kila siku wasiolipa. Anabeba matofali. Anampeleka mama mjamzito hospitalini. Mlemavu anamwomba sadaka asimtazame. Punde si punde msanii simulizi anaisifu nasaba yake, na mapato ya asubuhi yote yanahamia mkononi mwa msanii huyo. Hapa Sembène anawapiga watu wa kazi yake mwenyewe. Hadhira iliyolelewa katika fasihi simulizi itatambua ukali wa pigo hilo kuliko hadhira yoyote ya Ulaya: sifa za mababu zimegeuzwa kodi anayotozwa maskini. Baadaye anamchukua baba aliyebeba maiti ya mwanawe mchanga, na langoni mwa makaburi baba huyo anakataliwa kwa kuwa karatasi zake hazijatimia. Mwishowe bwana aliyevaa vizuri anamshawishi apande hadi Plateau, mtaa wa wakubwa ambamo magari ya farasi hayaruhusiwi. Polisi anamsimamisha. Katika kutafuta karatasi zake nishani yake inaanguka, nayo inakanyagwa na buti la polisi, abiria anatoweka bila kulipa, gari linachukuliwa. Nyumbani mkewe anamkabidhi mtoto na kutoka, akiahidi kwamba usiku huo watakula. Filamu haisemi anakwenda wapi.

Sasa yaja suala la sauti. Sauti ya filamu hii haikunaswa papo hapo wakati wa kupiga picha bali iliongezwa baadaye, na sehemu kubwa yake ni uzungumzinafsi wa mwenye gari. Katika nakala iliyoenea zaidi duniani, uzungumzinafsi huo ni wa Kifaransa. Mtu asiye na dalili yoyote ya kuwa alisoma shule ya Wafaransa, anayefukuzwa na sheria za mtaa uliojengwa na Wafaransa, anawaza kwa Kifaransa. Kuna wahakiki ambao wangependa kuliita jambo hili mbinu ya kisanaa, wakidai kwamba pengo kati ya kinywa na sauti ni taswira ya ukoloni uliokita akilini. Dai hilo lina mvuto, lakini halithibitiki. Lililo wazi ni kwamba watu wa Tours waliweza kumsikia mwenye gari bila mkalimani, na kwamba uwazi huo ulikuwa na gharama yake. Mawazo ya mtu huyu yananyooka mno. Hayana mzaha wa sokoni, hayana methali, hayana kule kujikatiza kwa mtu anayesema na farasi wake kwa lugha ya mama yake. Picha inamwonyesha mtu wa Dakar. Sauti inamwonyesha muhtasari wake.

Ushahidi mzito zaidi juu ya jambo hili ni mwenendo wa Sembène mwenyewe. Katika La Noire de… (1966) bado msichana Diouana anawaza kwa Kifaransa, sauti ikitolewa na mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Ila mwaka wa 1968, katika Mandabi, Sembène alipiga picha mara mbili, mara moja kwa Kifaransa na mara moja kwa Kiwolofu, na filamu hiyo ikapata tuzo maalumu ya jopo la waamuzi mjini Venice. Kwa maneno mengine, Tours ilimtuza kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliiacha baada ya miaka mitano. Haishangazi kwamba marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye naye aliihama lugha ya mkoloni akiwa tayari amejenga jina ndani yake, alishirikiana na Manthia Diawara kutengeneza filamu kuhusu Sembène mwaka wa 1994. Walikuwa wasafiri wa njia moja, japo chombo kilitofautiana.

Lugha ndani ya Chupa

Pumzi ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwezi wa Januari 2010, na mwaka huo ikapata tuzo ya filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru la Cannes. (Tamasha hilo lisichanganywe na lile kongwe la Cannes lenye Palme d'Or, kosa ambalo magazeti yamelirudia kwa furaha.) Mwaka huohuo ilipata tuzo ya fedha huko Carthage, Tunisia. Kahiu ni mzaliwa wa Nairobi. Filamu yake ilipigwa picha Afrika Kusini, na miongoni mwa waliotoa fedha ni Goethe-Institut.

Masimulizi yanawekwa katika eneo la Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji. Jamii iitwayo Maitu inaishi ndani ya jengo lililofungwa. Nje hakuna uhai, au ndivyo wakubwa wanavyosema. Mkojo na jasho husafishwa na kunywewa tena. Umeme huzalishwa na miili ya watu wanaokimbia juu ya mashine. Ndoto ni hitilafu inayotibiwa kwa vidonge. Asha, mlinzi wa makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, analetewa udongo wenye unyevu usiotarajiwa. Anatia mbegu humo, mbegu inachipua, anaomba kibali cha kutoka, ananyimwa. Anatoroka, anavuka jangwa, anapanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na kujilaza ili kivuli cha mwili wake kiukinge.

Neno “pumzi” lilichaguliwa vizuri. Katika Kiswahili mtu huvuta pumzi, huishiwa na pumzi, hutoa pumzi ya mwisho. Uhai na kifo hugawana nomino moja. Tena pumzi na kupumzika ni watoto wa shina moja. Jamii ya Maitu, ambayo miili yake ni mitambo ya umeme, haina pumziko, na kujilaza kwa Asha mwishoni ndiko kupumzika kwa kwanza kunakoonekana katika filamu nzima. Mtazamaji asiyejua Kiswahili ataipata maana ya hewa. Hii ya pili haitamfikia.

Hata hivyo, baada ya jina, Kiswahili hakionekani tena. Watu wa Maitu kwa kiasi kikubwa hawafungui vinywa. Wanaweka mikono juu ya mitambo, na mitambo inasema kwa niaba yao, kwa Kiingereza. Hilo si kosa kwa kipimo cha sanaa. Ukimya huo ni sehemu ya ulimwengu unaosawiriwa, na ni mojawapo ya mambo yanayoipa filamu hii nguvu ambayo nyingine nyingi za aina yake hazina. Swali ni je, lugha za Kiafrika zimewekwa wapi katika ulimwengu huo?

Jibu limo katika makumbusho. Mbegu imetunzwa ndani ya chupa, na chupa ina maandishi yanayoeleza kuwa “maitu” ni neno la Kikuyu lenye maana ya mama, kisha kulichambua neno hilo kuwa ukweli wetu. Uchambuzi huo ni wa mshairi, si wa mwanaisimu, wala hauna ubaya kwa kuwa hivyo. Linalogutusha ni mahali ulipo. Kikuyu kimo katika chupa pamoja na mbegu, kama kielelezo cha kitu kilichotoweka, kikielezwa kwa Kiingereza. Asha anaivunja hatima ya mbegu: anaitoa, anaitia udongoni, anaipa maji yake. Neno analiacha pale pale. Hakuna anayelitamka kumwita mama. Mti unafufuka na lugha inabaki kuwa lebo.

Inawezekana kwamba Kahiu alikusudia hivyo, na kwamba filamu inatuhumu wakati ujao ambamo lugha zimekufa kabla ya miti. Usomaji huo ungekuwa na uzito kama filamu ingeonyesha hasara hiyo kuwa hasara. Haionyeshi. Kilio cha Asha ni cha udongo na maji. Upungufu huu unaonekana wazi zaidi Pumzi inapowekwa kando ya Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyotolewa mwaka wa 1995. Mkangi naye alimtoa mhusika wake, Dzombo, katika nchi ya dhuluma akampeleka kwa chombo cha angani hadi kwenye jamii mpya. Alifanya hivyo kwa Kiswahili kitupu: chombo, safari, hukumu, jamii mpya na mijadala yake yote. Kiswahili kilikuwa tayari kimerushwa angani miaka 14 kabla ya Pumzi, na hakikuishiwa na pumzi huko. Dai kwamba masimulizi ya wakati ujao yanadai Kiingereza halina msingi katika fasihi ya Kenya. Lina msingi, labda, katika orodha ya wafadhili.

Haya hayaondoi ukweli kwamba Pumzi ndiyo filamu iliyosukwa kwa ustadi zaidi kati ya hizi mbili zilizotokana na mazingira ya Kenya. Uhariri wake ni wa mtu anayeamini picha. Ni kwa sababu hiyo hasa pengo la lugha linaonekana.

Wote na Sote

Watu Wote ni ya dakika 22, na ilikuwa kazi ya kuhitimu ya Katja Benrath na wenzake katika Hamburg Media School. Mwaka wa 2017 ilipata nishani ya dhahabu katika tuzo za wanafunzi za Academy ya Marekani, na mwaka wa 2018 ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi. Ilishindwa na The Silent Child, filamu ya Uingereza kuhusu mtoto kiziwi anayenyimwa lugha ya ishara. Mhakiki anayefuatilia suala la lugha hawezi kuipita sadfa hiyo bila kuitaja.

Msingi wake ni tukio la kweli. Mwezi wa Novemba 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015 walisimamisha basi jingine, karibu na El Wak, likielekea Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu za kujifunika. Watu wawili waliuawa, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi, alifariki mwezi wa Januari 2016. Filamu inamfuata Jua, mwanamke Mkristo anayesafiri kumtembelea jamaa yake, ambaye hana raha kuketi kati ya Waislamu.

Tofauti na Pumzi, filamu hii ya Wajerumani inasema kwa Kiswahili na Kisomali. Hapo ndipo penye fumbo linalopaswa kuwasumbua wote wanaopima “uafrika” wa filamu kwa pasipoti ya mwelekezi. Mkenya amekitia Kiswahili katika jina na kukinyima midomo ya wahusika. Mgeni amekitia midomoni. Wala tofauti hiyo si ya bahati nasibu. Maitu ya Kahiu ni jamii isiyo na hali ya kuzungumza, ilhali basi la Mandera haliwezi kusimuliwa bila lugha, kwa kuwa tishio lenyewe linatekelezwa kwa lugha. Katika mashambulizi ya aina hii abiria wamewahi kuamrishwa wakariri maneno ya dini ili ijulikane nani ni nani. Ulimi unageuzwa kitambulisho. Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari ya Shibolethi katika Kitabu cha Waamuzi, ambako watu waliuawa kwa kushindwa kutamka sauti moja.

Katika mazingira hayo, kila mara mhusika anapohama kutoka Kiswahili hadi Kisomali anafanya tendo. Anamkaribisha mtu au anamfungia mlango. Mtazamaji wa Nairobi anayejua Kiswahili asijue Kisomali anauhisi mlango huo ukifungwa, maana maneno yanayofuata ni kelele kwake. Ameketi palepale anapoketi mgeni katika basi. Mtazamaji wa Garissa anayezijua zote mbili ameketi kiti kingine, na filamu aliyoiona ni nyingine. Tafsiri ya chini ya picha inawaondoa wote wawili katika viti vyao. Inatiririka kwa lugha moja, kwa herufi zilezile, na kumpa mwamuzi wa mbali uwezo ambao hakuna abiria hata mmoja aliyehakikishiwa: uwezo wa kumwelewa kila mtu muda wote. Hofu inayotokana na kutoelewa imeyeyushwa na wema wa mfasiri. Kwa hiyo filamu iliyotuzwa na filamu inayosikika Eastleigh si kazi moja hasa.

Jina la filamu linatoa mfano ulio bora zaidi. Ughaibuni inajulikana kama Watu Wote, ikifuatwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya “sisi sote”. Anayejua Kiswahili atagutuka. “Watu wote” si “sisi sote”. Kiswahili kina sote, nyote na wote, na mtu anayesema “wote” anawataja akiwa nje yao. Kiingereza kimempandisha msemaji basini. Kiswahili kimemwacha kando ya barabara. Ni rahisi kusema kwamba mfasiri aliteleza, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini umbali kati ya wote na sote ndio safari anayoifanya Jua. Anaingia basini akiwaona abiria kuwa wao. Kilele cha filamu ni pale wao wanapomhesabu kuwa mmoja wao. Mkangi alilifanyia jambo hili jina la riwaya, Walenisi, yaani wale ni sisi, na kwa kuunganisha maneno matatu alilisema waziwazi zaidi. Benrath na wenzake wamelisema kwa ajali ya tafsiri, katika lugha mbili zisizokubaliana, na anayeweza kulisikia ni yule tu anayezijua zote mbili.

Jina la mhusika mkuu nalo lina maana mbili. Jua ni la mbinguni. Jua pia ni amri ya kitenzi kujua. Mwanamke asiyewajua wenzake anaitwa kwa kitenzi hicho kila anapotajwa, na kila anapotajwa ni kama anaagizwa. Hata kama waandishi wa mswada walikusudia maana ya kwanza peke yake, Kiswahili hakikungoja ruhusa yao.

Kwa upande wa udhaifu, Watu Wote inaeleza kupita kiasi. Jua amepewa msiba wa zamani, mume na mtoto waliouawa, ili chuki yake ipate sababu na mtazamaji asimhukumu. Sababu hiyo inamshusha. Wakenya wengi walioogopa kuketi karibu na Msomali katika miaka ile hawakuwa wamefiwa na yeyote. Waliogopa kwa kusikia habari, kwa mazoea, kwa uvivu wa fikira. Mhusika wa namna hiyo angekuwa mgumu zaidi kumsamehe na wa kweli zaidi, na kitendo cha wanawake waliomfunika kingekuwa na thamani kubwa zaidi kwa kuwa hakustahili. Hotuba za mwalimu nazo zina harufu ya somo lililoandaliwa kwa ajili ya watu wa mbali ambao hawajawahi kusikia kwamba Uislamu unakataza kuua. Abiria wa kweli hawakuhitaji kuambiwa hilo.

Pale filamu inaponyamaza ndipo inapofaulu. Hijabu inatoka kwa mwanamke mmoja hadi kwa mwingine kwa haraka, bila mjadala wa imani. Ni tendo la mikono, kama lile la mke wa mwenye gari kumpa mumewe mtoto na kutoka. Sembène pia alijua kwamba sekunde nzito zaidi za filamu yake ni zile ambazo sauti ya Kifaransa haina la kuongeza. Magari haya mawili, lile la farasi mjini Dakar na basi la Mandera, yanafanana katika jambo jingine: yote yamejaa watu ambao hawakuchaguana, na yote yanasimamishwa na mwenye silaha anayetaka kujua nani ana haki ya kupita. Tofauti ni kwamba abiria wa Sembène wanashuka mmoja mmoja na kumwacha mwenzao. Bwana aliyevaa vizuri hakuaga hata kuaga. Huo ni mtazamo mkali kuhusu jamii iliyopata uhuru miaka mitatu tu iliyotangulia, na hakuna kitu katika Watu Wote kinachoukaribia kwa ukali.

Linabaki suala la nani awe msikilizaji. Kuna matamasha, kama lile la kimataifa la Zanzibar lililoanza mwaka wa 1998, ambako hadhira inaweza kucheka kabla tafsiri haijaandikwa. Lakini tamasha la nyumbani halitoshi ikiwa uhakiki unaofuata utaandikwa na watu waliosoma Kiingereza cha chini ya picha. Hatari hiyo imo ndani ya vyuo vikuu pia. Mwanafunzi anayechambua filamu ya Kiswahili kwa kunukuu tafsiri yake ya Kiingereza anafanya jambo ambalo asingeruhusiwa kulifanya kwa shairi la Muyaka, na ni vigumu kueleza kwa nini filamu ihukumiwe kwa sheria nyepesi zaidi. Kazi ya kwanza si kubuni nadharia. Ni kuandika mazungumzo ya filamu hizi neno kwa neno, kwa lugha zilivyotamkwa, na kutia alama kila mahali lugha inapobadilika na kutaja anayeibadilisha. Kwa Watu Wote mtaalamu wa Kiswahili atalazimika kuketi na mtaalamu wa Kisomali, jambo ambalo idara za lugha nchini hazijalizoea. Kazi yenyewe haiwezi kuwa kubwa mno: filamu ni ya dakika 22.